Ushahidi wa Kalamu

Mwanachuoni wa Kirumi aliyeitwa Pliny, ambaye alifikwa na mauti mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha viumbe na maumbile kwamba walikuwako matabibu wa Kiyunani, Krateuas akiwa mmojawapo, waliokuwa na desturi ya kuchora sura ya kila mmea wa dawa na kuandika chini ya sura hiyo manufaa yake. Aliisifu desturi hiyo kwa jamali yake, kisha akaitilia shaka kwa sababu tatu. Kwanza, rangi za mimea ni nyingi mno, na mkono unaojaribu kuziiga hukosea kwa wepesi. Pili, wanakili hawalingani kwa ustadi wala kwa uangalifu, na kwa hiyo sura huharibika kila inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tatu, haitoshi kuuchora mmea katika hali moja tu, maana majira manne ya mwaka huugeuza uso wake.

Mtu anayetaka kujifunza kuchora mimea kwa usahihi aweza kuyafanya mashaka hayo matatu kuwa masomo yake matatu. Yampasa aujue mmea wenyewe, asitosheke na picha ya mmea. Yampasa aujue katika umri wake wote. Na yampasa aistahi rangi kiasi cha kutoikisia. Chini ya masomo hayo yote pana jambo moja ambalo ndilo roho ya sura hii, nalo ni kwamba mchoraji wa mimea ni shahidi. Wachoraji wengine wana ruhusa ya kupamba, kupunguza na kubuni, na ruhusa hiyo ni halali katika fani zao. Lakini yule aliyejitolea kuchora mwarobaini au mlangilangi, ili mtu ambaye hajapata kuuona auamini mchoro wake, amejifunga kwa ahadi ya kutosema ila alichokiona, na ya kutoficha alichokiona hata kama kinampunguzia ukurasa wake uzuri.

Na tuanze na shaka ya wanakili, kwa kuwa ndiyo ambayo historia imeithibitisha kwa ushahidi mwingi zaidi. Katika karne ya 1 tabibu wa Kiyunani aliyeitwa Dioscorides alitunga kitabu cha dawa ambacho kilitegemewa kwa miaka zaidi ya 1500 katika Ulaya na katika nchi za Kiislamu, na ambacho kilitiwa katika lugha ya Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9. Nakala yake iliyo mashuhuri kuliko zote kwa picha ilitengenezwa Konstantinopoli mnamo mwaka 512 kwa ajili ya Anicia Juliana, binti wa kaisari, nayo imehifadhiwa hata leo mjini Vienna. Na atazamaye baadhi ya kurasa zake haoni shaka kwamba mchoraji wa asili alikuwa na mmea hai mbele ya macho yake. Walakini nakala zilizofuata zilinakiliwa kutoka nakala, na nakala hizo zikazaa nyingine. Na kila mnakili, pasipo nia mbaya, alilinyoosha kidogo shina lililopinda, akayasawazisha majani ya kuume na ya kushoto, akaliongeza ua moja mahali alipoona pako wazi, hata baada ya vizazi kadhaa mmea ukawa pambo la ukurasa ambalo tabibu aliyesimama nalo kondeni hakuweza kulilinganisha na kitu chochote kilichoota ardhini. Madhara yake hayakuwa ya macho tu. Mimea inayoponya na mimea inayoua aghalabu hufanana, na pengine kinachoitenga ni meno ya ukingo wa jani au nywele za shina. Kwa mgonjwa aliyenyweshwa, kosa la kalamu liliweza kuwa kosa la sumu.

Uongofu ulikuja kwa njia iliyo nyepesi kuisema na ngumu kuitenda, yaani kurejea kwenye mmea wenyewe. Mwaka 1530, katika mji wa Strasbourg, Otto Brunfels alianza kuchapisha kitabu chake cha mitishamba kilichochorwa na Hans Weiditz, na Weiditz alichora kila alichowekewa mezani: jani lililochanika alilichora limechanika, na ua lililonyauka alilichora limeinama. Miaka 12 baadaye, mjini Basel, Leonhart Fuchs alitoa kitabu chenye picha zaidi ya 500, na njia yake ilikuwa nyingine, kwa maana yeye alitaka kuonyesha mmea kamili usio na kovu, na mara nyingine aliweka ua na tunda katika tawi moja ingawa vitu hivyo viwili huja kwa nyakati mbalimbali. Fuchs alifanya pia jambo la insafu ambalo lilikuwa nadra katika zama zake: mwishoni mwa kitabu aliweka sura za mafundi wake watatu, Albrecht Meyer aliyechora kutoka kwenye mimea, Heinrich Füllmaurer aliyeihamisha michoro hiyo juu ya mbao, na Veit Rudolf Speckle aliyezichonga mbao hizo, kana kwamba alitaka msomaji awajue mashahidi kwa nyuso zao.

Ni nani kati ya Weiditz na Fuchs aliyesema kweli zaidi? Swali hili humkabili kila mwanafunzi siku ile ile ya kwanza anapokata tawi na kukuta jani moja limeliwa na kiwavi. Rai yangu ni kwamba kila mmoja alishika nusu ya haki. Tundu la kiwavi ni habari ya jani moja, si habari ya kabila lake, na mtu aliyetumwa kueleza kabila la mmea halazimiki kulichora. Lakini mtu aliyezoea kuyaacha matundu huanza, bila kujua, kuacha na mambo mengine, na punde si punde atakuwa amerudi kwenye kosa la wanakili, akichora mmea ulio kichwani mwake. Dawa ya hatari hiyo ni kutazama matawi mengi kabla ya kuchora moja. Mwenye kutazama tawi moja hawezi kujua kama kupinda kwake ni tabia ya mti au ni ajali ya upepo; mwenye kutazama matawi ya miti kadhaa, ya juani na ya kivulini, hutambua lipi hurudia na lipi limetokea mara moja tu, na hapo ndipo anapopata idhini ya kuchagua.

Shaka ya majira ilijibiwa na mtu wa Mashariki, na jibu lake halijapitwa hata sasa. Rashid al-Din ibn al-Suri, tabibu aliyezaliwa katika mji wa Sur ulioko pwani ya Sham na kufariki mwaka 1242, alikuwa akitunga kitabu cha dawa za mimea. Na Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa maisha ya matabibu, amesimulia kwamba alipokwenda kutafuta mimea katika mlima wa Lebanon na mahali pengine alifuatana na mchoraji aliyechukua rangi za kila namna. Tabibu aliutazama mmea, akauhakikisha, kisha akamwonyesha mchoraji, naye akaizingatia rangi yake na kadiri ya majani, matawi na mizizi yake, akachora kwa kufuata alichokiona. Wala hawakuridhika na mara moja. Waliuchora ulipokuwa mchanga na mbichi, wakauchora tena ulipokamilika na kuzaa mbegu, wakauchora mara ya tatu ulipokauka, ili msomaji autambue katika hali yoyote atakayokutana nao. Natamani kila anayeanza fani hii aisikie habari hiyo kabla ya kununua burashi yake ya kwanza, kwa kuwa imekusanya mambo yote: mjuzi na mchoraji wakiwa bega kwa bega, rangi zikichukuliwa hadi mlimani badala ya mmea kuletwa umenyauka mjini, na subira ya kungoja umri wa mmea utimie.

Basi na tuichukue njia ya Ibn al-Suri tuitie katika mmea ambao watu wa Unguja na Pemba wanaujua kwa harufu kabla ya kuuona, yaani mkarafuu, uliofika visiwani mwanzoni mwa karne ya 19 na ukawa mti wa uchumi wao. Sisemi kwamba mti huu ni mwepesi kuchora. Nauchagua kwa sababu wengi wameushika mikononi, na ni pale pale penye mazoea ndipo macho yanapolala. Mwulize mtu aliyekulia katika mashamba ya karafuu majani ya mti huo yanashikana vipi na tawi, naye aweza kusita, ingawa amechuma maisha yake yote; maana mkono wake umejua mahali pa kukatia shada, na jicho lake halikuwahi kutakiwa kutoa ushahidi.

Kata kitawi chenye shada asubuhi, kitie majini upesi, ukiweke mbele yako kwa namna ile ile kilivyokaa mtini, usikilaze wala kukining'iniza. Kisha keti bila kuchora. Zunguka kitawi, kipindue, hesabu. Utaona majani yanatoka mawili mawili yakikabiliana, na kila jozi imekaa njiapanda na jozi iliyo chini yake, hivi kwamba ukitazama kutoka juu huona umbo la msalaba. Na jambo hilo moja, likishajulikana, litakuokoa na makosa mengi, kwa sababu utajua kwamba jani usiloliona vizuri nyuma ya tawi halikupotea bali lipo mahali pake. Linyanyue jani moja ulielekeze kwenye jua, nawe utaona vitone vidogo vya nuru vimetapakaa ndani yake, navyo ni vifuko vya mafuta yale yale yanayoleta harufu. Angalia mishipa: kutoka kwenye mshipa mkuu wa kati hutoka mishipa myembamba mingi, imekaribiana sana, wala haiishii ukingoni, bali kabla ya kufika hukutana na mshipa mwingine mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo wa jani. Mchoraji wa kukisia huipeleka mishipa yote hadi ukingoni. Na mtaalamu wa mimea, akiutazama mchoro huo, atajua mara moja kwamba mtu huyu hakutazama.

Sasa shika bikari. Watu wengi huona haya kutumia vipimo, wakidhani kwamba usanii wa kweli ni wa jicho tupu, ilhali wachoraji walio mahiri kabisa katika fani hii hupima bila kukoma. Pima urefu wa jani, upana wake palipo papana zaidi, na umbali wa mahali hapo kutoka kikonyoni. Pima nafasi baina ya kifundo na kifundo. Kisha uvihamishe vipimo hivyo karatasini kwa kadiri ile ile ya asili, maana mchoro ulio sawa na kitu chenyewe hauhitaji hisabati na hauachi mahali pa kujidanganya. Mmea ukiwa mkubwa kuliko karatasi, punguza kwa kiasi kinachojulikana, ukiwa mdogo mno, kuza kwa kiasi kinachojulikana, na katika hali zote mbili andika kiasi hicho pembeni. Mistari ya kwanza iwe hafifu sana: mstari wa tawi, mistari ya migongo ya majani, vituo vya vifundo. Mifupa hiyo ikishakuwa sahihi, nyama itakaa yenyewe. Ikiwa na kosa, hakuna rangi duniani itakayolisitiri.

Hapa mwanafunzi hukutana na adui yake mkubwa, ambaye ni maarifa yake mwenyewe. Akili inajua kwamba jani la mkarafuu ni refu na jembamba, na kwa hiyo huuamuru mkono uchore kila jani refu na jembamba. Lakini jani linaloelekea usoni pa mtazamaji huonekana fupi, pengine fupi kuliko upana wake, na ncha yake huweza kuufunika mwili wake wote. Kulichora jani kama hilo kwa uaminifu huleta uchungu, kwa kuwa akili hupiga kelele kwamba limeharibika. Vumilia. Lipime kwa bikari iliyonyooshwa mbele ya jicho moja, ukilifumba la pili. Tazama umbo la nafasi tupu iliyo baina ya jani na tawi, kwa maana akili haina dhana yoyote juu ya umbo la nafasi tupu na kwa hiyo haiwezi kulipotosha. Ufuatishe mshipa wa kati kwanza, hata pale unapopotea nyuma ya mkunjo na kutokea upande wa pili, uhakikishe kwamba vipande viwili vya mshipa huo, ukivinyoosha kwa fikira, vingekutana. Anayelishinda jani moja la namna hii ameshinda sehemu kubwa ya fani.

Shada lenyewe linataka heshima ya pekee. Vikonyo vyake, ambavyo Wazanzibari huviita makonyo na kuvianika na kuviuza mbali na karafuu zenyewe, hugawanyika aghalabu kwa tatu tatu, na mwenye kuuelewa mgawanyo huo huweza kuchora shada zima bila kutatizwa na wingi. Kila ua bado changa lina shina lake nono linalofika kiasi cha sentimita 1 hadi 1 na nusu. Juu yake sepali nne nene zenye ncha. Na katikati ya hizo nne, petali nne zilizofumbatana zikawa kama kofia ya mviringo. Hii ndiyo karafuu ya sokoni, iliyochumwa kabla haijafunguka. Ukiiacha mtini, kofia huanguka, na stameni nyingi nyeupe huchomoza na kusimama pande zote. Na kwa kuwa maua yaliyofunguka hayadumu, hayo ndiyo yachorwe kwanza, kabla ya jani lolote, kwa sababu majani yatakungojea lakini ua halitakungojea.

Twaa wembe mpya upasue ua moja katikati kwa urefu, kisha litazame kwa kioo cha kukuzia. Utagundua kwamba ulilodhani ni kikonyo kinene tu ni ghala: juu, karibu na sepali, pana vyumba viwili vidogo vyenye chembe ambazo moja yake, ua likibarikiwa, itakuwa mbegu, na kandokando, chini ya ganda, pamejaa vifuko vya mafuta. Mchoro wa mpasuko huo, uliokuzwa na kuandikwa kiasi chake, uwekwe chini ya mchoro wa tawi. Halafu rudi mtini baadaye kuchora tunda, ambalo watu wachache wamelitazama vizuri kwa sababu mkulima mwangalifu huchuma kabla halijazaliwa: ni la mviringo ulionyooka, likiiva huwa la zambarau iliyokolea, na juu yake zimebaki zile sepali nne, ushahidi wa wazi kwamba tunda hili na karafuu ile ya biriani ni kitu kimoja katika umri mbalimbali.

Mwanga na utoke upande mmoja tu, na kwa desturi ya fani hii ni upande wa juu wa kushoto, hivi kwamba vivuli vya mchoro wote vikubaliane. Anayechora kwa wino mweusi hufanya kivuli kwa vitone au kwa mistari myembamba, vikizidi kukaribiana pale umbo linapouacha mwanga; vitone na viwekwe kwa utulivu, kimoja kimoja, kwa maana kitone kilichotupwa kwa haraka huwa na mkia, na mkia huo mtazamaji huweza kudhani ni unywele wa mmea. Katika ushahidi hakuna alama isiyo na maana.

Imebaki shaka ya rangi, ambayo Pliny aliitaja kwanza na ambayo mimi nimeiweka mwisho kwa sababu mchoro ambao umbo lake ni kosa haustahili rangi. Ferdinand Bauer, mzaliwa wa Austria aliyesafiri na nahodha Flinders kuizunguka Australia kuanzia mwaka 1801, alikutana na mimea mingi kuliko muda wa kuipaka rangi. Kwa hiyo alichora kwa kalamu ya risasi, na juu ya kila sehemu akaandika namba, akiwa na orodha ya rangi zilizokaribia 1000, kila moja na namba yake. Na miaka baadaye, akiwa mbali na mimea hiyo, aliitia rangi kwa kuzifuata namba hizo, na kazi zake zimehesabiwa miongoni mwa zilizo sahihi kabisa kupata kutengenezwa. Hatuna haja ya kumwiga kwa wingi wa namba, lakini yatupasa kumwiga kwa adabu yake: rangi iandikwe wakati inapoonekana. Kata vipande vya karatasi, uchanganye rangi, upake, uweke kipande hicho kando ya jani lenyewe kwenye mwanga wa mchana, uendelee kurekebisha hata visitofautike. Kisha andika nyuma yake mchanganyiko ulioutumia.

Kijani kinachouzwa tayari aghalabu huwa kikali kuliko kijani cha jani lolote. Afadhali kukichanganya mwenyewe kwa manjano na buluu, na tone la wekundu la kukituliza. Jani la mkarafuu lililokomaa ni la kijani kizito kinachong'aa, na mng'ao huo si rangi ya jani bali ni anga lililojitazama juu yake, hivyo huonekana mweupe au wa kibuluu. Mahali hapo karatasi iachwe tupu au ipakwe maji yenye buluu hafifu, kwa kuwa katika rangi za maji mwanga hauongezwi mwishoni, hulindwa tangu mwanzo. Majani machanga yana wekundu wa shaba. Vichwa vya karafuu huanza vikiwa vya rangi iliyopauka, vikawa vya kijani, vikaishia katika wekundu unaomwarifu mkulima kwamba wakati umewadia, na shada moja huweza kuwa na rangi zote tatu pamoja. Paka tabaka jembamba, ungoje likauke kabisa, ndipo upake jingine. Na kwa mambo madogo ya mwisho, burashi iwe na ncha na iwe karibu kavu.

Msomaji ataniuliza: kwa nini taabu hii yote ilhali kamera ipo? Kamera hushika kilichokuwa mbele yake katika nukta moja ya wakati, pamoja na vivuli vilivyoificha sehemu iliyo muhimu. Haiwezi kuweka katika ukurasa mmoja ua lililofumba, ua lililofunguka, mpasuko wake, tunda lake na mshipa wa jani lake, kila kimoja kwa kipimo chake na katika mwanga mmoja. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoongozwa na bustani ya Kew ya Uingereza, ambayo sehemu zake zilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 zikiwa zimeeleza aina zipatazo 12,000, ilitegemea michoro ya wino mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho, ingawa katika miaka yote hiyo kamera hazikukosekana. Na Joy Adamson, ambaye ulimwengu unamkumbuka kwa simba wake Elsa, alijulikana kwanza kwa michoro yake ya maua ya Kenya, ambayo ilimpatia nishani ya dhahabu ya chama cha kifalme cha wakulima wa bustani wa Uingereza mwaka 1947.

Uzito wa ushahidi wa namna hii huonekana zaidi pale shahidi mwenyewe anapoondoka. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma wataalamu Arabuni, na miongoni mwao walikuwamo Peter Forsskål, mjuzi wa mimea, na Georg Wilhelm Baurenfeind, mchoraji. Walifika Yemen, wakakusanya na kuchora. Mwezi Julai 1763 Forsskål alifariki katika mji wa Yarim kwa homa ya malaria, na mwezi uliofuata Baurenfeind naye akafariki baharini katika safari ya kwenda Bombay. Mtu mmoja tu wa msafara ule, Carsten Niebuhr, ndiye aliyerudi salama, naye aliyahifadhi maandishi ya mwenziwe na michoro ya yule mwingine, akachapisha kitabu cha mimea mwaka 1775 na picha mwaka 1776. Baurenfeind hakupata nafasi ya kueleza wala kusahihisha alichokichora. Na ilimtosha, kwa kuwa mchoro uliotokana na mmea wenyewe hujieleza pasipo mwandani wa kuutetea.

Kwa hiyo mwanafunzi asianze na maua ya mbali wala ya fahari. Na achague mmea mmoja ulio karibu na mlango wake, mpera, mdimu, mkunazi au hata majani yaliyoota ufani mwa ukuta, aufuate katika mwaka wake mzima, uchipuapo, uchanuapo na uzaapo. Na kila karatasi aiandike tarehe, mahali, jina la mmea kwa lugha ya wenyeji, kiasi cha mchoro, na jina lake mwenyewe, ili aulizwe yeye endapo pana kosa. Kisha, kabla ya kumwonyesha mchoraji mwenzake, amwonyeshe mtu anayeishi kwa mmea huo: mchumaji, mganga, mkulima, mama auzaye matunda yake sokoni. Asimwambie ni mmea gani. Amwulize ni mti gani, ni wa majira gani, na kama umezaa au bado. Maana mtu huyo hana sababu ya kuisifu sanaa, ana sababu ya kuujua mti. Akijibu sawasawa, kazi imetimia. Akisita na kusema kwamba jani la mti huu halikai hivyo, aombwe aonyeshe linavyokaa, ashukuriwe kwa heshima anayostahiki mwalimu, na mchoraji arejee mtini na raba yake.